Mafunzo ya wachanjaji yafanyike mbele ya friji, siyo ukumbini

MnyororoBaridi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mara tunasikia halmashauri fulani imeendesha mafunzo ya chanjo, washiriki wamepiga picha ya pamoja, vyeti vimetoka. Mwezi unaofuata msimamizi anapita vituoni na kukuta aisipaki (pakiti za barafu) zimetoka friza moja kwa moja hadi kwenye karia (kibebeo cha chanjo), Penta (chanjo ya tano kwa moja) imelazwa juu yake. Hoja yangu ni moja: mchanjaji afundishwe akiwa amesimama mbele ya friji, siku ya kliniki, vichupa viko mkononi.

Nianze na kosa ambalo mafunzo yenyewe yanalizalisha. Muulize mhudumu yeyote chanjo zinatunzwa kwenye nyuzi joto ngapi, atakujibu +2 hadi +8 kabla hujamaliza swali. Hilo limeshaingia. Lakini kwa kukaririshwa "baridi, baridi", hofu yake yote iko kwenye joto. Umeme ukikatika anahangaika, friji ikisoma −1 alfajiri anaona mambo shwari. Sasa angalieni: Penta, PCV (ya nimonia), HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi), Td (ya pepopunda na dondakoo), homa ya ini na polio ya sindano zikiganda zimeharibika moja kwa moja, hata ukiziyeyusha. Chanjo ya homa ya ini inaganda ikifika kama −0.5 tu. Za unga, yaani BCG (ya kifua kikuu) na surua-rubela, pamoja na polio ya matone, haziharibiwi na kuganda, ila dailuenti zake (maji ya kuchanganyia) zisigandishwe maana ampuli hupasuka. Kwa hiyo rafu nyingi za friji zetu zimebeba chanjo zinazoogopa barafu kuliko zinavyoogopa jua la saa moja.

VVM, kile kibandiko cha kichupa kinachobadilika rangi kwa joto, nayo inaongeza usingizi. Ni kifaa kizuri mno, kilianza kubandikwa kwenye polio ya matone mwaka 1996 na kimeokoa dozi nyingi zisitupwe bure. Mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, tupa. Lakini VVM inahesabu joto peke yake. Kichupa cha Penta kilichoganda usiku kucha kitaamka na VVM safi kabisa, na mchanjaji atamdunga mtoto maji yasiyo na kazi huku akijaza rejesta kwamba amechanjwa.

Mbele ya friji mtu afundishwe nini? Asome kipimajoto asubuhi na jioni, siku saba za wiki, Idi na Krismasi zikiwemo, na aandike alichokiona. Fomu yenye 4, 4, 4, 4 mwezi mzima imejazwa siku moja na mtu mmoja. Friji halisi hucheza, leo 3.6, kesho 5.2. Kituo chenye Fridge-tag (kipimajoto cha kielektroniki kinachotunza kumbukumbu) hakina pa kujificha: bonyeza kitufe cha kusoma, rudi nyuma siku moja moja hadi siku 30, linganisha na fomu ya ukutani. Kengele yake ya baridi inalia hali ikifika −0.5 au chini kwa dakika 60. Ya joto inalia ikizidi +8 kwa saa 10 mfululizo. Dakika 60 kwa baridi, saa 10 kwa joto. Waliokipanga hivyo wanajua kipi kinaua haraka.

Halafu thamostati. Umeme ukirudi baada ya kukatika, au mzigo mpya wa chanjo ukiingia, friji itasoma +9 au +10 kwa muda. Mhudumu anazungusha thamostati kwenye baridi kali, jioni anafunga mlango anaondoka. Usiku, friji haifunguliwi, hewa ya nje imepoa, hali inashuka chini ya sifuri. Asubuhi anasoma +3 anafurahi. Friji inayofanya kazi vizuri itarudi yenyewe, thamostati isiguswe.

Karibuni tuchambue. Wenye uzoefu wa mkoba, data na mafunzo kazini mwageni hapa.

---

DadaMkunga

Nakazia hapo kwenye kuganda. Mkuu, tuwekee jaribio la kutikisa hatua kwa hatua. Wengi wanalitaja, wachache wanalifanya sawasawa.

---

MnyororoBaridi

@DadaMkunga sawa.

Chukua kichupa kimoja cha aina ile ile, kiwanda kile kile na namba ile ile ya toleo na unachokishuku. Kiandike KIMEGANDISHWA kwa kalamu isiyofutika, kisije kikaingia kwenye huduma. Kiweke friza usiku kucha, kwa saa 10 au zaidi, mpaka kiwe jiwe. Kitoe kiyeyuke chenyewe mezani, siyo juani wala kwenye maji ya moto. Kikishayeyuka chote, kishike pamoja na kile cha mashaka kwa mkono mmoja, vitikise sekunde 10 hadi 15, viweke mezani sambamba na usiviguse tena. Tazama hadi dakika 30.

Unachotazama ni mashapo. Chanjo hizi zimeshikamana na chumvi ya aluminiamu. Zikiganda chembe zake hushikana madonge na kuwa nzito, hivyo huzama haraka na juu hubaki maji mang'avu. Cha mashaka kikizama polepole kuliko ulichokigandisha, ni kizima, tumia. Vikizama sawa, au cha mashaka kikatangulia, shehena yote iliyokaa nacho sehemu moja isitumike.

Panapoharibika: mtu anatumia kichupa cha toleo tofauti kwa sababu "vyote ni Penta", na jaribio zima linakuwa halina maana. Mwingine anafanyia polio ya sindano, ambayo haina hiyo chumvi, kwa hiyo haitakuonyesha chochote. Na wapo wanaofanyia kichupa walichokikuta kimeganda kwa macho yao. Hicho hakijaribiwi, kinatupwa.

Zahanati isiyo na friza isijihangaishe, iweke chanjo hizo kando ndani ya friji kwa maandishi USITUMIE, impigie mratibu wa chanjo wa wilaya.

---

FundiMajokofu

Naomba niseme upande wa mashine, maana mafunzo mengi yanamfundisha muuguzi chanjo na kusahau kwamba yeye pia ndiye mwangalizi wa kifaa.

Friji za gesi, zile za Sibir na ndugu zake, hazina kompresa. Zinapoza kwa moto unaochemsha mchanganyiko nyuma, kwa hiyo ikisimama mshazari mzunguko unakwama na haipozi hata ukimaliza mtungi. Weka kipima usawa, au bakuli la maji kama huna, rekebisha miguu. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano kuna masizi, bana (kichomea) ni chafu, na utakula gesi mara mbili bila baridi. Tatizo lake jingine ni hilo la mleta uzi: hazijidhibiti vizuri, usiku wa baridi zinagandisha kirahisi.

Za sola zisizo na betri, zile zinazohifadhi ubaridi kwenye barafu ya ndani, ni nafuu kubwa. Lakini paneli ifutwe vumbi, na mtu aangalie mti. Mwembe ulikuwa mfupi wakati friji inafungwa. Miaka mitatu baadaye unatia kivuli saa nane mchana na kila mtu anasema friji mbovu.

Barafu ndani ya friji ya kawaida ikizidi unene wa nusu sentimita, yeyusha. Hamisha chanjo kwanza, zima, acha iyeyuke yenyewe. Anayekwangua kwa kisu anatoboa bomba la gesi ya kupozea, na hiyo friji haitengenezeki kijijini.

Na friji ya nyumbani, ile ya kuwekea soda, haifai kwa chanjo. Mlango wake una joto, karibu na kisahani cha barafu panagandisha, na umeme ukikatika haidumu. Zipo za viwango vya WHO ambazo zimejengwa zisigandishe hata ukikosea kupanga. Hizo hata kwenye mafunzo dakika za kupanga rafu zinapungua.

---

MkobaVijijini

Kwenye huduma za mkoba, yaani kuwafuata watoto vijijini, ndiko chanjo nyingi zinagandia, na ni kwa nia njema. Mtu anaona safari ni ndefu, jua kali, anachukua aisipaki ngumu kama tofali.

Aisipaki ikitoka friza iko kama −20 au karibu na hapo. Itandaze mezani, kila moja peke yake, zisirundikwe. Subiri. Mwanza au Dar inaweza kuchukua nusu saa na kidogo, Njombe asubuhi ya Julai ni zaidi ya saa nzima, kwa hiyo usifundishe dakika, fundisha sikio: itikise, ukisikia maji yanacheza ndani na barafu inagonga, ni tayari. Ikishafika hapo iko kwenye sifuri haiwezi kushuka tena. Ifute maji, panga nne kwenye kuta za karia ndogo, chanjo katikati ndani ya mfuko wa plastiki ili lebo zisibanduke, kisha sponji juu, kisha kifuniko.

Sponji siyo mto wa kukalia wala kitambaa cha kufutia meza, samahani kwa ninaowagusa. Ile mikato yake ndiyo mahali pa kuchomeka kichupa kilichofunguliwa wakati wa kazi, huku karia imezibwa. Ukiipoteza, utafungua kifuniko kila mtoto anapokuja.

Ukijaza aisipaki usijaze hadi kooni, barafu hutanuka ikapasua. Na zitayarishwe juzi, siyo jana usiku. Ziwe na saa 24 ndani ya friza.

Mkirudi jioni, tazameni VVM kabla ya kurudisha kwenye friji. Kilichotoka na kurudi bila kufunguliwa kiwekewe alama kitangulie kutumika kesho.

---

MhesabuDozi

Tunapoteza muda kwenye friji wakati upotevu mkubwa uko mezani. Kichupa cha surua-rubela kina dozi 10. Mama mmoja anakuja na mtoto mmoja, nesi anafungua, dozi 9 zinamwagwa. Mafunzo yafundishe watu wasifungue mpaka watoto wafike angalau watano.

---

DadaMkunga

@MhesabuDozi hapana. Dozi inaagizwa tena, mama aliyerudishwa pengine harudi. Mtoto mmoja aliyefikisha miezi tisa akija, kichupa kinafunguliwa. Huo ndio msimamo wa WHO kwa surua. Kinachofanywa ni kupanga siku, siyo kurudisha watu.

Hesabu iko hivi. Zahanati yenye walengwa 240 kwa mwaka ina watoto 20 kwa mwezi wa miezi tisa. Ikiwa na vikao vinne kwa mwezi, watoto watano kila kikao, itafungua vichupa vinne, dozi 40 kwa watoto 20. Upotevu ni dozi zilizofunguliwa toa zilizotolewa, gawa kwa zilizofunguliwa, mara 100: asilimia 50. Sasa ongeza wale wa dozi ya pili ya miezi 18, ambao vituo vingi vinawasahau. Wakija 16 wakagawanyika vizuri, vikao ni vile vile vinne, vichupa vile vile vinne, dozi 36 zimetumika kati ya 40. Upotevu umeshuka hadi asilimia 10 na hakuna mama aliyerudishwa.

Kwenye kuagiza, kigezo cha upotevu ni 100 gawa kwa (100 toa upotevu). Asilimia 50 inakupa 2, asilimia 10 inakupa 1.11. Anayeagiza kwa kukisia ndiye anayeishiwa katikati ya mwezi.

Penta na wenzake wa maji wenye dawa ya kuzuia vijidudu ni habari nyingine kabisa. Kile kichupa kikifunguliwa leo kinaweza kutumika hadi siku 28, mradi kimekaa kwenye baridi sahihi, hakijaisha muda, VVM haijafika mahali pa kutupwa, na tarehe ya kufungua imeandikwa. Watu wanazitupa kila jioni bila sababu. Ukichanganyikiwa, tazama VVM iko wapi: ikiwa kwenye lebo, kichupa kinaruhusiwa kuendelea hadi siku 28. Ikiwa kwenye kifuniko au shingo, kikishafunguliwa kitupwe kikao kikiisha au saa 6 zikitimia, lolote litakalotangulia.

---

MhesabuDozi

Nimeelewa hiyo ya miezi 18. Lakini BCG ni dozi 20 kichupa kimoja, vijiji vyenye uzazi mchache hesabu yako haifiki.

---

DadaMkunga

Kwa BCG ni kweli upotevu utabaki juu, na mipango inalijua hilo. Kituo kinachozalisha kichanje kabla mama hajaruhusiwa.

---

MfamasiaMkongwe

Mmefika mahali penyewe: kuchanganya chanjo za unga. Hapa kosa halipunguzi kinga tu, linaua.

Septemba 2014, huko Idlib, Syria, watoto 15 walikufa baada ya chanjo ya surua kuchanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya dailuenti. Vichupa vilifanana na vilikaa friji moja. Julai 2018, kisiwa cha Savai'i, Samoa, watoto wachanga wawili wakafa kwa kosa la namna hiyo hiyo. Wauguzi wawili walifungwa, utoaji wa chanjo ukasimamishwa kwa miezi, wazazi wakaogopa, na mwaka 2019 surua ikaingia ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Mei 2017, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa: bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku nne nzima, chanjo zilikaa bila ubaridi, na waliokuwa wakichanja hawakuwa wamefundishwa, wengine wakiwa watoto wenyewe.

Virusi vya chanjo havikuhusika popote hapo. Ni friji, bomba na mtu.

Kwa hiyo mchanjaji asimamishwe na kuchanganya mbele ya mkufunzi. Dailuenti iwe ya kiwanda kile kile kilichotengeneza chanjo. Ya kiwanda kingine haifai hata kama imeandikwa "surua". Siyo maji ya sindano ya kawaida. Ikae kwenye baridi sawa na chanjo kabla ya kuchanganya, maana ya joto inadhuru virusi hai vya ndani. Soma lebo ya chanjo kwa sauti, soma lebo ya dailuenti kwa sauti, mwenzako asikie. Bomba la kuchanganyia moja kwa kichupa kimoja, likitumika linaingia kwenye sefti boksi (boksi la kutupia sindano). Vuta dailuenti yote, usiikadirie: ikizidi au ikipungua dozi zote zimeharibika. Kizungushe taratibu bila kukipiga-piga. Andika saa. Kikitimiza saa 6 kitupwe hata kama zimebaki dozi nane. Kisiwe na sindano iliyoachwa imechomekwa kwenye mpira, hilo ni lango la bakteria.

Na friji ya chanjo isiwe stoo ya dawa za upasuaji.

---

TabibuWaZamu

Mzee, na oksitosini, ile dawa ya kuzuia mama kutoka damu baada ya kujifungua? Zahanati nyingi zina friji moja tu, ukiiondoa humo inaharibika na mama anatoka damu.

---

MfamasiaMkongwe

@TabibuWaZamu hiyo inaruhusiwa, WHO, UNICEF na UNFPA wameshatoa tamko la pamoja kwamba itumie mnyororo wa chanjo. Sharti iwe kwenye boksi lake lenye kifuniko, limeandikwa OKSITOSINI pande zote, rafu yake peke yake, mbali na dailuenti. Niliyoyataja ni yale ya ganzi na kulegeza misuli. Hayo yasivuke kizingiti cha chumba hicho.

---

Chanjo254

Salamu kutoka upande wa Kenya. Niongeze mawili ya mkono, maana sindano pia inafundishwa kwa slaidi siku hizi.

Mabomba yanayojifunga yenyewe: mwanafunzi aliyezoea bomba la kawaida huvuta hewa kwanza ili aisukume ndani ya kichupa. Ukifanya hivyo na haya, bomba limekwisha, linajifunga kabla ya kuvuta dozi. Chomeka sindano kwenye kichupa kwanza, ndipo uvute, mara moja tu. Kituo kinachoishiwa mabomba kabla ya chanjo kina tatizo hili bila kujua.

BCG ni 0.05 ml kwa mtoto chini ya mwaka, ndani ya ngozi yenyewe. Sindano ilale karibu sambamba na ngozi, tundu la ncha likitazama juu. Ukisukuma usikie ukinzani na kitokee kivimbe kidogo cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Dawa ikiingia kwa ulaini bila kivimbe, umeenda chini ya ngozi, simama, rekebisha. Huko ndiko majipu na tezi za kwapani zilizovimba zinakotoka. Wakufunzi wazuri huwafanyisha watu kwenye chungwa kabla ya mtoto, na ni njia nzuri kuliko video yoyote.

Penta na PCV ni 0.5 ml, msuli wa paja upande wa nje katikati, nyuzi 90. Matone hutangulia, sindano hufuata. Usivute bomba nyuma kutafuta damu, haina faida pale na inaongeza maumivu. Makalio hayachanjwi. Sindano isirudishwe kifuniko, sefti boksi ifungwe ikijaa robo tatu, na kamwe isimwagwe itumike tena.

---

KalamuNyekundu

Haya yote mazuri, ila semeni ukweli. Barua ya mafunzo ikija inasema "mtumishi mmoja kutoka kila kituo". Anakwenda mganga mfawidhi, kwa sababu kuna posho. Anayechanja kila siku ni muuguzi mwingine, au mhudumu aliyeajiriwa kwa usafi. Mfawidhi anarudi na kabrasha, anaweka kabatini. Mtabadilisha ukumbi kuwa friji, aliyesimama mbele yake atakuwa yule yule asiyechanja.

Halafu gharama. Wilaya ina zahanati arobaini. Mkufunzi atazizunguka lini?

---

MwalimuWaKliniki

@KalamuNyekundu hoja zako zote mbili ni za kweli, na zina namna yake.

La nani aende: barua iandike jina la kazi, siyo kituo. "Aliyejaza rejesta ya chanjo mwezi uliopita." Mwandiko unajulikana. Mafunzo yakifanyika kituoni, suala la kuteua linajifuta kwa sehemu kubwa, maana anayechanja yupo pale na siku ya kliniki hawezi kukaa pembeni.

La gharama: usizunguke zote. Kusanya vituo vitano jirani kwenye kimoja chenye kliniki kubwa, siku ya kliniki halisi, watu wasiozidi kumi. Asubuhi kabla ya akina mama hawajafika ni friji na kuyeyusha aisipaki. Kliniki ikianza kila mmoja anachanja angalau watoto kadhaa mkufunzi akitazama bila kuingilia, isipokuwa kuna hatari. Mchana ni rejesta na chati. Nauli inakuwa ya bodaboda badala ya malazi ya siku tatu.

Ngazi kwa ngazi ndiyo inayoua mafunzo. Taifa linafundisha mkoa siku tano, mkoa unafundisha wilaya siku tatu, wilaya inafundisha zahanati siku moja, na kila ngazi inakata kwanza mazoezi, kwa kuwa slaidi ni rahisi kubeba. Mchanjaji wa mwisho anapata kichwa cha habari.

Jaribio la mwanzo lisiwe maswali ya kuchagua. Mpe aisipaki iliyotoka friza umwambie "andaa karia". Mpe vichupa sita: kimoja VVM imepita, kimoja kimeisha muda, kimoja kimefunguliwa bila tarehe, kimoja lebo imetoka, viwili vizima. Atenge. Dakika tano zinakuonyesha alipo.

Na usimamizi saidizi ufuate ndani ya miezi miwili au mitatu, vinginevyo mkono unarudi ulikozoea. Msimamizi aangalie kikao kizima kabla ya kufungua mdomo. Amalize kwa mambo mawili tu ya kurekebisha, ayaandike kwenye kitabu cha usimamizi cha kituo, ili anayekuja baada yake aanzie hapo. Wanaoandika kurasa tatu za makosa hawarudi kuona hata moja limefanyika.

---

Chanjo254

Kwenye hizo rejesta za mchana usisahau waliokatisha. Penta 1 toa Penta 3, gawa kwa Penta 1, mara 100. Ikizidi asilimia 10, watoto wanaanza hawamalizi, na sababu mara nyingi iko kwenye kliniki yenyewe: mama hakuambiwa arudi lini, au alirudishwa kwa kukosa kadi. Ikitoka hasi, yaani Penta 3 nyingi kuliko Penta 1, usishangilie, kuna mtu anahesabu vibaya au mnachanja wa kituo jirani.

Kisanduku cha miezi kinatosha kufuatilia: vigawanyo 12, nakala ya kadi ya kila mtoto inakaa kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Mwisho wa mwezi zilizobaki ndani ndio orodha ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwenda kugonga hodi.

---

MwanafunziUuguzi

Asanteni. Swali la mwisho: umeme umekatika, niko peke yangu kituoni, friji inapanda. Nifanye nini hasa?

---

MnyororoBaridi

Usifungue mlango, hilo la kwanza. Friji ya chanjo iliyojaa barafu yake ya ndani inavumilia muda mrefu kuliko unavyodhani, na kila ukifungua unaipunguzia. Andika saa umeme ulipokatika. Fuata kipimajoto cha nje kama kipo. Ikikaribia +8 na umeme haujarudi, yeyusha aisipaki mpaka zicheze maji, hamishia kwenye karia au kolboksi (sanduku kubwa la ubaridi), peleka kituo kilichoandikwa kwenye karatasi ya dharura ukutani. Karatasi hiyo iwe na namba ya mratibu wa wilaya, ya dereva na ya kituo mbadala.

Ikishapita +8 usitupe kitu kwa uamuzi wako. Ziweke kwenye baridi, andika USITUMIE, soma VVM za kila aina, mpigie mratibu umwambie ilifika ngapi na kwa muda gani. Zikiwa bado hatua ya pili, yaani mraba umeanza kuiva ila bado ni mweupe kuliko duara, zinatumika, zitangulie kutoka. Na umeme ukirudi, unakumbuka kuhusu thamostati.

---

FundiMajokofu

Na ufunguo wa chumba cha friji mkuu. Mwenye ufunguo yuko likizo, kengele inalia ndani watu wanasikiliza dirishani.

---

MnyororoBaridi

Funguo mbili. Wa pili ukae kwa mlinzi au mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ile ile ya ukutani, nakala nyingine ibandikwe nje ya mlango.